Barbara Castle, mbunge aliyeulizia wafu wa Hola

Dereva anayetoka Nairobi kwenda bandari ya Mombasa, akishapita Mtito Andei na kuingia nyika ya Tsavo, huliona gereza la Manyani kando ya barabara kabla hajafika Voi. Wengi hupita bila kugeuza shingo, mawazo yao yakiwa kwenye mzani wa Mariakani na foleni ya bandarini. Baada ya Voi na Maungu iko Mackinnon Road, ambako wasafiri wengi husimama msikitini penye kaburi la Seyyid Baghali Shah wakaomba safari njema. Mwaka 1954 sehemu hizo mbili zilikuwa kambi za kuwapokea maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliozolewa Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili. Waliteremshwa nyikani, wakazungushiwa seng'enge, wakaambiwa wangoje.

Wakati huo huko London palikuwa na mwanamke mfupi mwenye nywele nyekundu, mbunge wa mji wa viwanda vya nguo, ambaye kwa miaka minne alizifanya kambi za namna hiyo kuwa mwiba kooni mwa serikali ya nchi yake. Aliitwa Barbara Castle. Hakuwa na madaraka yoyote juu ya Kenya. Alichokuwa nacho ni haki ya kila mbunge wa Uingereza ya kuuliza swali, na waziri akalazimika kusimama kujibu. Haki hiyo ilimgharimu, na kwa muda mrefu haikumsaidia kitu.

Alizaliwa Oktoba 6, 1910, katika mji wa Chesterfield, akiitwa Barbara Betts. Baba yake alikuwa mkaguzi wa kodi ya serikali, mtu wa vitabu na msoshalisti wa moyoni, aliyehamishwa mji hadi mji kama watumishi wa serikali wanavyohamishwa. Nyumbani kwao siasa zilikuwa chakula cha kila jioni. Husimuliwa kwamba akiwa bado mtoto mdogo Barbara aliandika tangazo lake mwenyewe la uchaguzi, akiwaahidi wapiga kura nyumba. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, akatoka huko wakati dunia imeshikwa na mdororo wa uchumi na ajira hakuna. Msomi huyo wa Oxford akaishia kuuza matunda ya sukari dukani Manchester, akiwashawishi wapita njia waonje. Wanaofanya biashara wanajua kwamba kazi hiyo humfundisha mtu jambo moja: kutokata tamaa mteja wa kwanza, wa pili na wa kumi wanapogeuka na kuondoka.

Baadaye alihamia uandishi wa habari. Mwaka 1944 aliolewa na Ted Castle, mwandishi wa gazeti la Daily Mirror, na mwaka uliofuata akagombea ubunge wa Blackburn kwa tiketi ya chama cha Labour. Orodha ya wagombea ilipoandaliwa haikuwa na mwanamke hata mmoja. Akina mama wa chama pale Blackburn waligoma: kama hakuna mwanamke kwenye orodha, basi chai hawatapika tena na kazi za chama hawatafanya. Wanaume wakasalimu amri. Barbara akaingizwa, akashinda, na akawakilisha mji huo kwa miaka 34.

Ili kuelewa kazi aliyoifanya kuhusu Kenya, ni lazima kwanza ieleweke hali ya kisheria ya watu wale wa Manyani. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari Oktoba 20, 1952. Uingereza ilileta vikosi vya jeshi, ikaleta ndege za kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, ikawaweka wanavijiji katika vijiji vilivyolindwa. Lakini haikukubali kuiita vita. Neno hilo lilikuwa na uzito. Mtu anayekamatwa vitani ni mfungwa wa vita, na ana haki zilizoandikwa Geneva. Mtu anayekamatwa kwa kosa la jinai ni mshtakiwa, na ana haki ya kufikishwa mahakamani. Mfungwa wa kizuizini nchini Kenya hakuwa huyu wala yule. Amri ya kumzuia ilitosha, na angekaa ndani mpaka maafisa waridhike kwamba amekiri kiapo chake na amegeuka. Serikali yenyewe ilikiri kuwa watu wapatao 80,000 walipitia kambi hizo. Wanahistoria wengine wanataja idadi kubwa zaidi.

Kwa hiyo mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kwa walio wengi. Mwafrika wa Kenya hakupiga kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mpaka Machi 1957, na hata hapo viti vilikuwa vinane tu. Aliyekuwa na uwezo wa kumhoji bosi wa Gavana Baring, yaani Waziri wa Makoloni, alikuwa Bunge la London peke yake. Na Bunge hilo liligawanyika kwa vyama. Chama cha Conservative kilikuwa madarakani tangu 1951, na katika uchaguzi wa 1955 kikaongeza viti. Waziri wa Makoloni kuanzia 1954 alikuwa Alan Lennox-Boyd, mtu mrefu sana, mchangamfu, mwenye marafiki wengi miongoni mwa walowezi. Kwake kila lawama juu ya kambi ilikuwa lawama juu ya askari na maafisa waliokuwa wakihatarisha maisha yao, na kila aliyetaka uchunguzi huru alikuwa anawapa nguvu Mau Mau. Hakukosa cha kuonyesha: usiku mmoja wa Machi 1953 wapiganaji walikuwa wamewachoma na kuwakatakata watu wa kijiji cha Lari, wanawake na watoto wakiwemo. Waziri alipotaja Lari, upinzani ulinyamaza. Labour nao walikuwa na hofu yao, ya kuonekana mbele ya wapiga kura kama chama cha watu wasiolipenda jeshi lao.

Hapo ndipo Castle alipoingia. Jambo lililomshtua kwanza ni kujiuzulu kwa Kanali Arthur Young. Young alikuwa mkuu wa polisi wa kitovu cha biashara cha London, akatumwa Kenya mapema 1954 kulinyoosha jeshi la polisi. Hakumaliza mwaka. Aliondoka Desemba baada ya kuona kwamba makosa ya homugadi na maafisa hayachunguzwi inavyopasa, na kwamba uongozi wa juu haukutaka yachunguzwe. Maelezo aliyoyaandika kuhusu sababu zake hayakuchapishwa. Castle akayaulizia bungeni. Akajibiwa kwa maneno mepesi. Akauliza tena.

Mwaka 1955 akapata kesi yenye jina la mtu. Kamau Kichina, mfanyakazi wa Mzungu, alishukiwa kuiba fedha. Alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa, akapigwa, akafungwa, akaachwa kwenye baridi, akafa. Hakukiri. Maafisa Wazungu waliohusika walifikishwa mahakamani, lakini shtaka la mauaji likaondolewa na likabaki la kudhuru mwili, na adhabu waliyopewa kwanza ilikuwa ya miezi, si miaka. Castle alitaka kujua nani aliamua shtaka lipunguzwe. Majibu ya waziri yalikuwa ya kuzunguka. Basi akafanya jambo ambalo wabunge wenzake wengi hawakulifanya: Novemba mwaka huo alipanda ndege kwenda Kenya kujionea, Daily Mirror likigharimia safari.

Serikali ya Nairobi haikumfurahia. Alipewa maafisa wa kumtembeza, akaonyeshwa yaliyofagiliwa. Lakini alikuwa na masikio. Mmoja wa waliozungumza naye kwa siri alikuwa Duncan McPherson, afisa wa juu wa polisi. McPherson aliwahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, na hakuna Mwingereza wa kizazi kile aliyehitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Alimwambia Castle kwamba baadhi ya kambi alizoziona Kenya zilikuwa mbaya kuliko alikofungwa yeye. Kauli hiyo ilitoka kwa mtu wa ndani, askari, aliyevaa sare ya serikali ileile iliyokuwa ikikanusha.

Castle alirudi na kuandika magazetini. Kisha akarudi bungeni na kuuliza. Swali lake la Jumanne lingejibiwa kwamba habari hizo zinafanyiwa kazi. La mwezi uliofuata lingejibiwa kwamba mhusika amekwisha kuadhibiwa. La baada ya hapo lingejibiwa kwamba mbunge huyu anapenda kuamini maneno ya magaidi kuliko ya Waingereza wenzake. Mwaka 1956 alijitokeza Eileen Fletcher, Mwingereza aliyekuwa ameajiriwa Kenya katika kazi ya urekebishaji, akaeleza kwamba katika gereza la Kamiti aliwaona wasichana wadogo wakitumikia vifungo virefu. Serikali ilipinga umri wao. Mjadala wa Bunge zima ukageuka kuwa wa tarehe za kuzaliwa za watoto wa Kikuyu, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la kusikitisha.

Wafungwa nao hawakukaa kimya. Karatasi zilitoroshwa kambini ndani ya nguo na mikononi mwa askari wenye huruma, zikapostiwa London kwa wabunge. Hili husahaulika habari hizi zinaposimuliwa, kana kwamba Wazungu wawili watatu ndio waliogundua. Castle hakugundua. Alipelekewa habari na watu waliokuwa wakihatarisha migongo yao kwa kuandika, naye akazisomea mahali ambapo waziri hakuweza kutoka nje.

Ikumbukwe kwamba alikuwa mwanasiasa wa chama hasa. Alipenda kushinda, na hakuficha furaha yake kila alipompata waziri wa Conservative kwenye kona. Maadui zake walilitumia hilo: kila alipozungumzia mfungwa aliyepigwa, walisema anatafuta kura. Mwaka 1958 alikwenda Cyprus, koloni jingine lililokuwa likiwaka, akatoa maneno yaliyoeleweka kwamba askari wa Uingereza kule wameruhusiwa kuwatendea raia kwa ukali kupita kiasi. Magazeti ya kihafidhina yalimrukia. Kiongozi wa chama chake mwenyewe, Hugh Gaitskell, akajitenga naye hadharani, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia na habari za askari ni moto. Castle alikuwa anakaribia kushika zamu ya uenyekiti wa chama kwa mwaka huo, na alijikuta amesimama peke yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Februari 1959. Maafisa kadhaa waliowahi kufanya kazi kambini walikuwa wameandika ushahidi wa kiapo juu ya vipigo, wengine wakitaja Manyani. Februari 24 Labour ilileta bungeni hoja ya kutaka uchunguzi huru kuhusu magereza na kambi za Kenya. Kilichoombwa hakikuwa kikubwa: watu wasio wa serikali ya Kenya waende, wafungue milango, waulize, waandike. Lennox-Boyd alikataa. Alisema mfumo unafanya kazi, makosa machache yamerekebishwa, na idadi ya wafungwa inapungua kwa kasi. Kura zikapigwa kwa vyama, kila mtu na upande wake, na upande wenye viti vingi ukashinda.

Siku saba baadaye, Machi 3, ndipo yakatokea ya Hola.

Hola iko kando ya Mto Tana, katika joto kali, mbali na kila kitu. Huko walipelekwa wale walioitwa sugu, waliokataa kukiri na kukataa kufanya kazi. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi hatujahukumiwa na mahakama yoyote, kwa hiyo hatuwezi kulazimishwa kazi kama wahalifu. Ofisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, alikuwa ameandika mpango wa kuwavunja. Wangetolewa kwa makundi madogo hadi kwenye mradi wa umwagiliaji, na wakikataa, wangelazimishwa kwa nguvu waanze angalau ishara ya kazi. Mpango huo ulipita mikononi mwa wakubwa Nairobi na ukakubaliwa. Asubuhi hiyo wafungwa 85 walitolewa, wakazingirwa na askari wenye marungu, kukawa na kipigo cha saa kadhaa. Watu 11 walikufa. Makumi wengine walibebwa wakiwa majeruhi.

Tangazo la kwanza la serikali ya Kenya lilisema watu kumi wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye tangi la maji. Msomaji angedhani ni sumu, au ni joto. Haikutajwa fimbo hata moja. Lakini maiti haziwezi kuambiwa zinyamaze. Daktari aliyezipasua alikuta majeraha na mifupa iliyovunjika, na mwezi Mei hakimu Goudie, aliyesikiliza uchunguzi wa vifo hivyo, akaamua kwamba vilitokana na mshtuko na kuvuja damu kwa sababu ya kupigwa. Tangi la maji likabaki kuwa aibu ya serikali.

Siku hiyohiyo ya Machi 3, kusini zaidi katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Waingereza walikuwa wametangaza Hali ya Hatari na kumkamata Dakta Hastings Banda na mamia ya wafuasi wake. Kwa hiyo kiangazi cha 1959 kilimkuta Lennox-Boyd na moto sehemu mbili, na uchaguzi ukiwa mbele.

Juni 16 Labour ilileta mjadala wa Hola. Serikali ilikiri makosa, ikasikitika, ikasema wa kulaumiwa ni maafisa wa chini waliouelewa vibaya mpango. Katika mwezi huohuo jina la Cowan, mwandishi wa mpango, lilionekana kwenye orodha ya waliotunukiwa nishani kwa siku ya kuzaliwa ya Malkia. Hata wabunge wa Conservative waliona haya. Kamanda wa kambi, Michael Sullivan, aliondolewa kazini bila kupoteza kiinua mgongo chake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile 11. Kura zilipopigwa, serikali ilishinda tena. Faraghani Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu Harold Macmillan alimzuia, maana kuanguka kwa waziri kabla ya uchaguzi kungekuwa zawadi kwa Labour. Kwa maneno mengine, waziri alibaki kitini kwa hesabu ya vyama.

Mjadala wa pili ulipangwa Julai 27, siku za mwisho kabla Bunge halijaenda likizo, na ukaangukia usiku wa manane. Benchi nyingi zilikuwa tupu. Castle alizungumza akiwa na karatasi zake zote, akipita hatua kwa hatua: nani aliuandika mpango, nani aliusoma, nani aliukubali, nani alijua kabla ya tangazo la tangi la maji kwamba watu wamepigwa. Alitaka jambo moja, kwamba lawama ipande ngazi hadi ilikotoka. Mbunge mmoja wa Conservative, aliyewahi kufanya kazi ya ukoloni, alisimama kuwatetea maafisa akiwaelezea marehemu kama viumbe walio chini ya ubinadamu.

Kisha, saa saba usiku ikiwa imepita, akasimama Enoch Powell.

Powell hakuwa rafiki wa Castle. Alikuwa Conservative wa kupindukia, profesa wa Kigiriki akiwa kijana, brigedia vitani, mtu aliyelipenda dola la Uingereza kwa mapenzi ya kitoto. Miaka tisa baadaye angetoa hotuba dhidi ya wahamiaji ambayo jina lake halijatoka nayo mpaka leo. Lakini usiku ule alisema kwamba mtu yeyote ni mtu, na hakuna anayeruhusiwa kupima thamani ya kifo kwa tabia za marehemu. Alisema mpango ule ulikuwa mbaya tangu ulipoandikwa na wakubwa wa Nairobi waliujua, kwa hiyo hawawezi kujificha nyuma ya wadogo. Na alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine barani Afrika. Hakumlaumu Lennox-Boyd binafsi, na hilo lilikuwa pungufu, lakini alikuwa amesema kutoka upande wa serikali yale ambayo Castle alikuwa akiyasema miaka minne kutoka upande wa pili. Alipoketi, waliokuwepo waliona machozi.

Hakukuwa na kura usiku ule. Serikali haikushindwa, waziri hakuondoka, mfungwa hakuachiwa. Isipokuwa tangu saa ile haikuwezekana tena kusema kwamba Hola ni kelele za Labour.

Mwezi Oktoba Conservative walishinda uchaguzi kwa kishindo, wakiwapita wapinzani wao kwa viti mia moja. Anayedhani wapiga kura wa Uingereza waliiadhibu serikali kwa ajili ya Hola anakosea, maana hawakujali hivyo. Lakini Macmillan alimbadilisha waziri. Aliyeshika Makoloni alikuwa Iain Macleod, Conservative wa kizazi kipya, ambaye baadaye alikiri kwamba Hola ndiyo iliyomshawishi kuwa njia ya zamani imefika mwisho. Januari 1960 Hali ya Hatari ilifutwa rasmi, kambi zikaendelea kufungwa, na mwezi huohuo wajumbe wa Kenya wakakaa Lancaster House kujadili katiba. Wengine waliokuwa wamekataa kukiri kwa miaka saba walirudi nyumbani na kukuta mashamba yao yamegawiwa waliokuwa upande wa serikali.

Castle aliendelea na siasa, na huko nyumbani kwao hakumbukwi kwa Kenya sana. Labour ilipochukua madaraka mwaka 1964 alikuwa waziri wa kwanza wa wizara mpya ya Maendeleo ya Nchi za Nje. Mwaka uliofuata alipewa Uchukuzi, ingawa hakujua kuendesha gari, na madereva wa Uingereza hawakumsamehe. Mwaka 1967 alileta kipimo cha pombe kwa pumzi, ndugu mkubwa wa kile ambacho madereva wa Kenya wanakiita alkoblo, na akaufanya mwendo wa maili 70 kwa saa kuwa mwisho hata kwenye barabara kuu. Mwaka 1970, akiwa waziri wa kazi, alipitisha sheria ya mwanamke kulipwa sawa na mwanaume kwa kazi ileile, baada ya mgomo wa akina mama mafundi cherehani wa kiwanda cha magari cha Ford. Baadaye alihakikisha posho ya watoto inaingia mkononi mwa mama badala ya kuonekana kwenye mshahara wa baba. Mwaka 1976 Waziri Mkuu mpya, James Callaghan, alimwachisha kazi. Hakumsamehe.

Kuna sura moja ambayo wasifu wake hauwezi kuiruka. Mwaka 1966 zilitoka tuhuma nzito kwamba wafungwa wanateswa katika kituo cha mahojiano cha Aden, koloni la Uingereza upande wa pili wa bahari, ambako majahazi ya Lamu na Mombasa yalikuwa yakifika tangu zamani. Aliyezitoa ni shirika la Amnesty. Waliokuwa madarakani walikuwa Labour, na Castle alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Safari hii waliouliza walikuwa wengine, na waliojibu kwamba mambo yanashughulikiwa walikuwa wenzake.

Alikaa katika Bunge la Ulaya kwa miaka kumi, akafanywa mwanamke wa heshima katika Bunge la Malodi mwaka 1990, na hata alipofifia macho aliendelea kugombana na viongozi wa chama chake juu ya pensheni za wazee. Alifariki Mei 3, 2002, akiwa na miaka 91.

Miaka tisa baada ya kifo chake, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba imekuwa na majalada ya siri ya makoloni, yakiwemo maelfu ya kurasa kuhusu Kenya, yamefichwa kwenye jengo la Hanslope Park. Ndani yake mlikuwa na barua za maafisa wakiandikiana kuhusu vipigo wakati ule ule ambao Bunge lilikuwa likiambiwa hakuna cha kuchunguza. Mmoja wa wazee walioshtaki alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola siku ile mpaka akapoteza fahamu, akawekwa pamoja na maiti akidhaniwa naye amekufa.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague, wa chama cha Conservative, alisimama katika Bunge lilelile. Alikubali kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Upande wa pili, Labour waliunga mkono. Wambugu wa Nyingi alikuwa bado hai.